Konokono Aliyeombewa Jina

Kigamboni, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mkweo Remmy anakusalimu, anasema yale maparachichi uliyotuma yaliiva yote siku moja, ikabidi tugawie mtaa mzima.

Nina habari, na naomba uisome taratibu kwa sababu si ya kawaida. Unajua kazi yangu ni kuchekecha mchanga wa bahari na kutafuta viumbe vidogo. Katika mchanga wa hapa, sehemu yenye majani ya bahari, nimepata konokono ambaye hayumo katika kitabu chochote. Tulituma picha zake kwa wataalamu wa nchi mbalimbali na wote wamejibu kwamba hawamjui. Ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Gamba lake ni jeupe, linapitisha mwanga, lina mizunguko minne na mistari miwili ya kahawia myembamba sana. Mpaka sasa nimepata magamba matupu tu. Mwenyewe akiwa hai sijamwona.

Kiumbe kipya lazima kipewe jina, na jina likishachapishwa haliondoki tena. Wajukuu wa wajukuu zetu watamwita hivyo hivyo. Profesa wetu amesema aliyempata ndiye achague. Mimi nimeona siwezi kuchagua peke yangu. Kwetu jina hutolewa na shangazi, na shangazi hatoi mpaka baba amwombe. Kwa hiyo naomba uzungumze na Shangazi Prisila. Ninalo jina moja moyoni, lakini nataka kwanza nisikie ninyi mnasemaje.

Nimekuwekea gamba moja ndani ya kichupa cha dawa, juu ya pamba. Fungulia mahali pasipo na upepo.

Mwanao,
Elina


Kifanya, Njombe
19 Machi 2024

Mwanangu Elina,

Kamwene. Barua imefika. Prisila aliipokea stendi ya Makambako akaipakia kwenye basi la Njombe kama kawaida yake. Konokono hakufika. Ndani ya kichupa nimekuta pamba tupu. Nimeigeuza, nimeivuta, nimeipuliza, hakuna kitu. Namshuku kondakta. Sijui gamba tupu litamsaidia nini, lakini watu wa siku hizi hawaachi kitu.

Nimeitisha kikao cha ukoo. Ni kweli hukuniomba kikao, lakini jina si jambo la kuongelea jikoni. Baba yako mkubwa Joackim alikuja na pombe yake ya ulanzi, na kwa vile alikuja nayo, watu wengi walikuja. Waliuliza maswali. Analiwa? Hapana, nilisema sidhani. Anauzwa? Hapana. Sasa kwa nini ukoo wa Mgaya ujulikane duniani kwa kitu kinachotambaa? Hapo palikuwa na kelele, ingawa mimi niliona midomo tu, maana masikio yangu niliyaacha kwenye mashine ya kupasua mbao miaka mingi iliyopita, kama unavyojua. Kaka yako Geofrey alikuwa ananiandikia yanayosemwa.

Mwisho walikubaliana. Aitwe Masumbuko, jina la babu yako aliyefungua bonde hili. Joackim alisema babu alikuwa mfupi, hataona ni matusi.

Prisila hakuja, alikuwa na njegere za kupakia. Anasema lake atalisema.

Baba yako,
Methusela Mgaya


Kigamboni
2 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kondakta hana kosa. Ulipopuliza ile pamba ndipo ulipomwondoa konokono. Usijali, natuma mwingine, ila huyu abaki Makambako kwa Shangazi, na asimpulize.

Baba, nashukuru kwa kikao. Babu Masumbuko namheshimu. Lakini jina nililonalo moyoni ni Dorika.

Najua kwetu jina la mwanamke aliyekufa akijifungua halirithishwi. Najua sababu: wanasema litamwita mwingine kwa njia ileile. Mtoto wa kaka Geofrey alipozaliwa niliomba aitwe Dorika, Shangazi akakataa, akaitwa Noela. Sikubisha, kwa sababu yule ni mtoto na hakuna anayetaka kujaribu bahati kwa mtoto wa mwenzake.

Huyu ni konokono. Hana mume wa Kifanya, hana shangazi wa Makambako. Nadhani jina la mama linaweza kukaa kwake bila kumdhuru mtu. Hivi sasa hakuna kiumbe hata kimoja kwenye ukoo wetu chenye jina hilo. Wewe mwenyewe tangu nikiwa darasa la tano sijakusikia ukilitaja. Unasema "marehemu" au "mama yako". Mimi naumia, baba. Kila mtu aliyekufa kwenye ukoo huu ana mtoto anayekimbia uwanjani na jina lake, isipokuwa mama.

Nijibu mapema. Profesa anataka kupeleka maandishi kabla ya Septemba.

Elina


Makambako
14 Aprili 2024

Elina,

Marahaba, hata kama hujanisalimia. Ningepiga simu, lakini kibanda changu kiko stendi, nikiongea wanasikia wapiga debe wote, na jambo hili si la wapiga debe.

Barua yako ya tarehe mbili nimeifungua. Barua zote zinazopita kwangu nazifungua, na baba yako anajua, sijamficha. Hii sijampelekea. Iko hapa chini ya gunia la njegere na itakaa hapo.

Nakuuliza wewe, msomi wa watu. Mwezi wa pili ulinipigia ukanieleza kwamba una mimba. Ukaniomba nisimwambie baba yako, kwa sababu atashindwa kulala kwa hofu ya yaliyompata mama yako. Nikanyamaza. Sasa wewe mwenyewe, na tumbo hilo, unataka kulifungua jina hilo? Wakati huu? Usingeweza kusubiri mwaka mmoja?

Unasema ni konokono tu. Nami nakuuliza: huyo konokono anazaaje? Akizaa anapona? Kama ni wale wadudu wanaozaa na kufa hapohapo, basi umempa jina la Dorika na kifo cha Dorika, na umevibeba vyote viwili nyumbani kwako. Mimi siendi kanisani kila Jumapili halafu nikaamini kila kitu cha zamani, lakini hili naliogopa. Nilikuwepo siku ile. Wewe ulikuwa shuleni.

Gamba la pili limefika. Sijalipuliza.

Shangazi yako,
Prisila


Kifanya
28 Aprili 2024

Mwanangu Elina,

Nimekaa kimya nikisubiri barua, haiji. Umenuna kwa sababu ya Masumbuko? Sema tu. Joackim ameshawaambia watu wa Kifanya nzima, hata mwinjilisti aliniuliza kama ni kweli babu amekuwa samaki. Lakini jina linaweza kubadilishwa, kikao si amri kumi.

Masika ya mwaka huu ni makali. Barabara ya kwetu imekatika tena pale darajani.

Baba yako,
Methusela


Kigamboni
10 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa salamu. Sikusamehe kwa gunia. Barua ile ni ya baba, mpe. Mimba nitamwambia mimi, lakini mpe barua yake.

Umeniuliza konokono anazaaje. Nimekaa na swali hilo zaidi ya wiki, na jibu la kweli ni kwamba sijui. Kuna konokono wadogo wa baharini wanaobandika yai kwenye majani na kuondoka. Wako wanaobeba watoto ndani ya gamba. Wako wanaoishi msimu mmoja tu, wakitaga basi. Huyu nina magamba yake peke yake, na gamba tupu halisemi mwenyewe alikufaje. Profesa anasema haihitajiki kujua, magamba yanatosha kuandika. Ningeweza kuandika jina leo na wewe usingejua mpaka lichapishwe. Nataka ujue kwamba sijafanya hivyo.

Ukweli mwingine ni huu. Mimi pia naogopa. Siogopi jina, naogopa kujifungua. Kila nikienda kliniki nesi anasema presha iko sawa, mtoto anakua vizuri, na mimi nikitoka nje nakaa kwenye benchi nikiisoma tena kadi ya kliniki, mstari kwa mstari. Remmy anadhani ni kichefuchefu. Nadhani ndiyo maana nalitaka jina sasa na si mwaka kesho. Sitaki kuingia leba nikiwa nimekubali kwamba mama ni kitu cha kuogopwa.

Nitaanza kuwatafuta walio hai. Nikiwapata nitakuandikia nilichokiona, chochote kile.

Elina


Makambako
30 Mei 2024

Elina,

Marahaba.

Gamba lako nilishindwa kuliona. Nikalipeleka kwa Damiano, yule fundi saa wa upande wa sokoni, akanivalisha kile kioo chake cha jichoni. Nikaliona. Kumbe lina mlango, na mlango una kizingiti kabisa. Na ile mistari miwili inazunguka mpaka juu bila kukatika. Nilimkalia Damiano kibandani mpaka wateja wakaanza kunung'unika. Nilikuwa nimefikiri ni takataka, nikaona ni nyumba ya mtu.

Nimempelekea baba yako barua mwenyewe, sikuipakia kwenye basi. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaikunja akaiweka mfukoni, akaenda kupalilia. Alipalilia mistari ya maharage ambayo Geofrey alikwisha kuipalilia jana yake. Nilipoondoka hakuniaga.

Mimi bado nasema hapana. Ila tafuta hao walio hai.

Kula mboga. Usibebe ndoo.

Prisila


Kigamboni
6 Julai 2024

Baba, Shangazi,

Shikamooni. Barua hii ni yenu wote wawili, Shangazi asome kisha aifikishe.

Baba, kwanza lako. Nina mimba ya miezi saba. Nilikuficha na Shangazi alinifichia kwa kuwa nilimwomba, usimgombeze. Niko salama mpaka sasa. Daktari amesema nitajifungulia hospitali kubwa na nitakwenda mapema, kabla ya uchungu.

Sasa konokono. Tumewapata walio hai. Hawakai mchangani, wanakaa kwenye mizizi ya majani ya bahari, na wanapokufa ndipo magamba yao yanapoanguka mchangani. Ndiyo maana nilikuwa napata matupu. Niliwaleta wachache maabara, nikawaweka kwenye bakuli la maji ya bahari na kuwaangalia kila siku kwa hadubini.

Hatagi kwenye jani. Anabeba. Mayai yako ndani ya gamba lake, nyuma ya kichwa, na kwa vile gamba linapitisha mwanga yanaonekana. Yanakua humo mpaka kila mtoto anapata gamba lake, kisha wanatoka mlangoni mmoja mmoja wakitembea. Mtoto akitoka, mama anarudi nyuma ndani ya gamba kumpisha, kisha anakuja mbele tena. Nililia maabara, baba. Profesa aliuliza kama kuna kemikali imeniingia machoni.

Shangazi, uliuliza akizaa anapona. Majike waliozaa mbele ya macho yangu ni wanne. Watatu wako hai, wanakula, mmoja ameshaanza kubeba tena. Wa nne alikufa baada ya watoto kutoka. Sijui kwa nini. Inawezekana ni maji ya bakuli, inawezekana ni uzazi. Ningeweza kutomtaja, lakini niliahidi kuandika chochote nitakachokiona.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nasubiri neno lenu. Mkikataa, nitaandika Masumbuko na sitawanunia.

Elina


Kifanya
20 Julai 2024

Mwanangu Elina,

Kamwene, kamwene sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ya mimba imenipa furaha na imenikosesha usingizi, vyote pamoja, kama ulivyojua. Ungeniambia tu. Usingizi wangu si kitu cha kutunziwa siri.

Nataka nikueleze kilichotokea, kwa sababu naona watu wamekulisha habari ya jina badala ya habari yenyewe. Uchungu ulimwanza mama yako wakati wa masika. Gari halikuwepo Kifanya nzima, nikaomba lori la mbao kazini. Lilikwama pale pale darajani ambapo barabara imekatika mwaka huu. Tulikata matawi ya misindano tukatandika chini ya matairi, likatoka, likakwama tena. Tulipofika hospitali damu ilikuwa imemwisha, na mtoto naye alikuwa amekufa. Prisila alikuwa amempakata kichwa njia nzima. Hayo ndiyo yaliyomuua. Tope, na umbali, na damu. Hakuna jina lililosukuma lile lori matopeni.

Mimi sikulitaja jina lake si kwa kuogopa mila. Nililiacha kwa sababu kila nikifungua mdomo kulisema nalia, na mwanamume wa mashine ya mbao halii mbele ya watu. Nikazoea. Wenzangu wakadhani ni mila, nikawaacha wadhani hivyo.

Huyo wa nne aliyekufa, usimwonee aibu. Hata ng'ombe wangu wanne wakizaa siwezi kukuahidi wote.

Jana nilibeba jogoo nikapanda gari mpaka Makambako, nikamwomba Prisila jina, kama baba anavyopaswa kumwomba dada yake. Nilimwomba kwa maandishi, kwenye karatasi ya kufungia njegere, kwa sababu kwa mdomo nilishindwa. Amechukua jogoo. Jibu hajanipa.

Baba yako,
Methusela


Makambako
29 Julai 2024

Elina,

Jogoo tumekula. Baba yako amenieleza kwa karatasi mambo ambayo mimi mwenyewe niliyaona kwa macho yangu, kana kwamba sikuwepo. Lakini alipoandika neno "tope" nilikumbuka kwamba mama yako ndani ya lori lile alikuwa akiniambia nisimlaumu dereva. Nilikuwa nimelisahau hilo. Miaka yote hii nilikumbuka damu tu.

Damiano ameniazima kioo chake cha akiba. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda naliangalia gamba lako. Watatu kati ya wanne si haba. Na wewe una daktari, wao wana bakuli.

Konokono nampa jina. Andika Dorika, na uandike kwamba limetolewa na shangazi yake.

La mtoto usilitaje. Mtoto hajazaliwa, hana jina, na mimi sijasema kitu. Septemba nitafunga kibanda nije kukaa nawe. Njegere zitaoza, basi zioze.

Shangazi yako,
Prisila


Dar es Salaam
27 Septemba 2024

Kaka Methusela,

Nakuandikia kwa sababu Geofrey akikusomea simu yangu kwa vidole mtaelewana nusu. Elina amejifungua. Mtoto wa kike. Walimpasua, kwa vile mtoto alikaa vibaya, na akapoteza damu kidogo, wakamwongeza. Siku mbili hizo mimi sikula. Leo amekaa kitandani anakunywa uji na anamgombeza Remmy kuhusu soksi. Mzima kabisa.

Nilipompakata mtoto nilikuwa nimekuja na majina yangu tayari. Nikamwita Yunis, halikukaa. Nikamwita Hyasinta, jina la mama yetu, halikukaa pia. Mtoto ananitazama tu. Mama yake ananitazama na wala haniombi kitu, maana niliwahi kumkataza. Nikasema kama yule wa baharini amelibeba na watoto wake wakatoka wakitembea, na kama huyu mama yake amepasuliwa akaongezwa damu akapona, basi mimi naogopa nini?

Nimemwita Dorika. Ukiona vibaya, njoo Dar ulibadilishe mwenyewe.

Dada yako,
Prisila


Kifanya
7 Oktoba 2024

Mwanangu Elina,

Kamwene, mama Dorika.

Barua ya Prisila imefika, nimeisoma. Sibadilishi kitu. Pumzika, kula, mwachie Remmy ndoo. Parachichi natuma, safari hii nimechuma mabichi.

Joackim ananung'unika kwamba ukoo ulipitisha Masumbuko. Nimemwambia atafute konokono wake.

Jana baada ya ibada nilikwenda kaburini kwa mama yako. Nilimwambia, Dorika, umepata wajina wawili. Mmoja yuko baharini na wasomi wanamwandika, mwingine yuko Dar es Salaam na ana kilo tatu na nusu. Nikaona nimelisema na bado nimesimama, nikalisema tena. Sijui nilisema kwa sauti kubwa kiasi gani, maana Joackim alitoka shambani kwake, amevaa mabuti, akaja mpaka pale akaniandikia kwa kidole kwenye udongo kuniuliza ninamwita nani.

Nikamwambia namwita mke wangu.

Baba yako,
Methusela Mgaya